Chaza wangu ameachama: nimwekee chokaa vijiko vingapi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina nyumba ya wageni hapa Iringa mjini, na pale mapokezi nimeweka akwariamu ya maji chumvi ya lita 300 yenye matumbawe kidogo na samaki wanne. Miezi michache iliyopita nililetewa kutoka Dar chaza mkubwa wa sentimita nane, wale wenye nyama ya bluu inayochanua nje ya gamba. Mwanzoni alichanua vizuri mno. Sasa nyama imerudi ndani, tundu la kuvutia maji limeachama, na gamba halikui. Chumvi ya akwariamu ya ndoo niliyoanza nayo iliisha, na aliyeniuzia akanishauri nitumie chumvi ya mawe ya sokoni kwa kuwa nayo inatoka baharini. Kipimo cha chumvi bado kinasoma 1.025. Sasa anasema niongeze chokaa ili gamba likue. Niweke vijiko vingapi?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba. Usiweke hata kimoja.

Taa zako siziulizi. Chaza huyu anaishi kwa mwani mdogo sana uliomo ndani ya nyama yake, na mwani huo unataka mwanga mkali. Kama alichanua vizuri chini ya taa hizohizo, basi tatizo liko kwenye maji, na limeanza siku ulipofungua ule mfuko wa sokoni.

Hili la "chumvi ni chumvi tu" nalijibu karibu kila wiki, na limeshanichosha. Kipimo chako hakijui kilichoyeyuka ndani ya maji. Kinapima uzito wa maji, basi. Chukua maji ya bomba, koroga gramu 36 hivi za chumvi ya mezani kwa kila lita, nayo yatasoma karibu na hiyo 1.025 yako. Lakini lita moja ya maji ya bahari ina pia kama miligramu 1,300 za magnesiamu, 400 na ushei za kalsiamu, na potasiamu karibu 400. Chaza hujenga gamba kwa kalsiamu hiyo pamoja na kaboneti iliyomo majini, na magnesiamu ndiyo inayozuia viwili hivyo visigande vyenyewe kabla hajavitumia.

"Lakini daktari, si imetoka baharini?" Imetoka, ndiyo. Tazama inavyotengenezwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, kama yale ya Bagamoyo. Maji yakikaushwa na jua, chokaa ndiyo hujitenga kwanza, ikifuatiwa na jasi. Chumvi tunayokula huganda baada ya hapo, nayo huzolewa. Magnesiamu hubaki kwenye yale maji machungu ya mwisho, ambayo humwagwa. Kwa hiyo kilichofika sokoni kwenu ni bahari iliyokwisha kuchujwa vitu vyote ambavyo chaza wako anavihitaji. Kila ulipobadilisha maji, ulipunguza akiba yake ukidhani unaiongeza.

Sasa chokaa. Nyanda za juu kusini chokaa ya kilimo inajulikana sana, maana udongo mwingi huko una asidi, na asidi ndiyo inayoiyeyusha. Maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi; 7 ni katikati, chini yake ni asidi) ya 8.2 hivi, yaani hayana asidi. Humo chokaa hiyo haiyeyuki. Italala chini nyeupe kama ulivyoimwaga, na mwuzaji atakuambia uongeze nyingine. Ile ya kupaka ukuta ndiyo hatari zaidi: maji yake hufika pH ya 12. Wafugaji wazoefu wa akwariamu hutumia chokaa safi ya aina hiyo, wakidondosha maji yake tone kwa tone usiku huku wakipima. Ukiitia kwa kijiko utaunguza kila chenye uhai humo ndani.

Fanya hivi. Nunua chumvi halisi ya akwariamu, hata kama bei inauma. Ichanganye kwenye maji yaliyochujwa yasiyo na klorini, yazungushwe na pampu mchana na usiku, yafike nyuzi 25, kisha badilisha lita 60 kila baada ya siku mbili tatu. Ukishindwa bei, mtu wa lori akuletee madumu ya maji ya bahari yenyewe, yaliyochotwa bahari ikiwa imejaa, mbali na bandari na mito. Yatakuwa bora mara mia kuliko huo mfuko. Chaza usimng'oe kwenye jiwe. Nyuzi za mguu wake zikikatika vibaya, hapo umemmaliza. Pitisha kivuli cha mkono juu yake: akishtuka na kujivuta, bado yupo. Akianza kupona utaona ukingo wa gamba una mstari mwembamba, mweupe pe. Na kwa kuwa mko juu, maji yenu hushika oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya sita kuliko ya Dar, kwa hiyo uwe na pampu ya betri umeme ukikatika.

Kinachonisumbua zaidi ni hawa wauzaji wanaogeuza duka la pembejeo kuwa famasi ya samaki. Leo chokaa, kesho samaki wakitoka madoa meupe utaambiwa utie mrututu kidogo. Mrututu ni shaba. Kweli huua vimelea vya samaki, lakini chaza, konokono na matumbawe hufa kwa kiasi kidogo mno, na shaba hiyo hung'ang'ania kwenye mawe na mchanga, ikirudi majini taratibu hata baada ya kubadilisha maji. Kama ulishawahi kuutia kwenye tangi hilo, niandikie kabla ya kununua hiyo chumvi, maana mawe na mchanga vyote vitabidi vitoke. Na kama mawe huwezi kuyaacha, tangi hilo si la chaza tena.