Kwa mnaoanza riwaya za Kimarekani: mfuateni mhusika anapobanwa

Insha yangu ya kwanza juu ya Huckleberry Finn, riwaya ya Mark Twain kuhusu mvulana Huck, ilirudi na neno moja la wino mwekundu pembeni: "Wapi?" Nilikuwa nimeandika kwamba dhamira kuu ni utumwa na uhuru, nikaishia hapo. Wadogo zangu mnaoanza mwaka huu, neno hilo ndilo lililonifundisha kusoma.

Tangu siku ile, kila riwaya natafuta kwanza mahali mhusika anapobanwa, hana pa kukwepea, lazima achague. Kwa Huck ni ile barua. Jim, mtumwa aliyetoroka naye kwa chelezo kwenye mto Mississippi, ameuzwa kwa dola 40. Huck amelelewa akijua kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni dhambi, basi anamwandikia Miss Watson, mmiliki wa Jim, kumweleza aliko. Akimaliza, moyo unamtulia. Anaiweka karatasi chini, anaanza kukumbuka: usiku Jim alikuwa akimaliza zamu yake, anaunganisha na ya Huck, ili mtoto aendelee kulala. Anaichukua tena karatasi huku akitetemeka, anakubali kwenda motoni, anaichana. Someni ukurasa huo mara tatu. Mtoto anaamini anatenda uovu, kumbe ndipo utu wake unapojitokeza. Dhamira ya riwaya imo humo, ndani ya dhamiri ya mtoto. Na Twain aliitoa 1884, karibu miaka 20 baada ya utumwa kufutwa Marekani. Sheria ilikuwa imebadilika, mafunzo ya nyumbani bado.

Msichanganye msimulizi na mhusika mkuu. The Great Gatsby (1925), riwaya ya F. Scott Fitzgerald kuhusu tajiri Gatsby, anaisimulia jirani yake, Nick Carraway. Gatsby tunamwona kwa macho ya Nick tu, nayo ni macho ya mtu aliyekwisha kumhurumia.

Halafu shikeni vitu vidogo. Gatsby akishauawa, baba yake anaonyesha ratiba aliyoiandika mwanawe utotoni nyuma ya kitabu: kuamka saa 12 asubuhi, mazoezi, kujifunza umeme, kuweka akiba dola 5 kwa wiki. Hiyo 5 imekatwa, ikaandikwa 3. Wakiulizwa juu ya Ndoto ya Kimarekani, ile imani kwamba yeyote akijituma atafanikiwa, wengi hukimbilia taa ya kijani ambayo Gatsby huitazama ng'ambo ya maji na zile karamu zake kubwa. Mimi huanza na hiyo tano iliyokatwa.