Je, kila "BWANA asema" ni ahadi yangu mimi?

SWALI: Mhubiri wetu anafundisha kwamba neno la Kiebrania "davar" lina nguvu ya kuumba, kwa hiyo nikikiri Yeremia 29:11 ("nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani"), yaani nikilitamka kwa imani, kwa siku 21 litatimia kwangu. Ndugu yangu ameshatoa sadaka ili "afunguliwe" neno hilo. Kiebrania kinasema hivyo kweli?

JIBU: Hapana, hakisemi hivyo. "Davar" ni neno, na pia ni jambo. Kitabu tunachokiita Mambo ya Nyakati, Kiebrania chake ni "Divre hayyamim", na hayo "mambo" ndiyo "davar" huyohuyo katika wingi. Tena Mwanzo 1, wanakokimbilia wote wanaouza fundisho hili, haisemi "davar" bali "wayyomer", yaani "akasema". Kitenzi hichohicho ndicho kinachotumika nyoka anapomwambia mwanamke, Mwanzo 3:1. Zaburi 33:6 inasema mbingu zilifanyika kwa neno la BWANA, na hapo ni "davar" kweli; lakini uweza ni wa anayesema. Haukai ndani ya silabi ukamsubiri mtu azitamke siku 21.

Kosa linalonisumbua zaidi ni hili la kudhani kwamba penye "BWANA asema" msikilizaji ni mimi. "Ko amar", yaani "amesema hivi", ni lugha ya mjumbe. Yule jemadari wa Ashuru aliyesimama mbele ya Yerusalemu alianza vivyo hivyo: mfalme mkuu, mfalme wa Ashuru, asema hivi (2 Wafalme 18:19). Ujumbe una aliyeutuma, aliyeubeba na aliyepelekewa, na huyo wa tatu ndiye watu wanayemfuta.

Yeremia 29 ni barua. Ilitoka Yerusalemu mikononi mwa Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, ikaenda kwa waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 K.K. Anza mstari wa 4, usianze wa 11. Wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, wauombee mji uliowateka. Mstari wa 10 unataja miaka 70. Mtu mzima aliyeisikia barua ile ikisomwa hakutarajia kurudi kwao mwenyewe. Kisha ndipo linakuja tumaini, nalo ni "ninayowawazia ninyi". Kiswahili chetu kimelinda wingi wa Kiebrania. Hakuna "wewe" hapo. Lile "asema BWANA" la katikati ya mstari ni "neum", tamko, muhuri wa ujumbe uleule kwa watu walewale.

Ukisoma unabii wowote, tafuta ujumbe unapoanzia na unapoishia, unaambiwa nani, ni "wewe" au "ninyi", na kama una sharti. Tumaini la kweli unaweza kulipata humo, kwa sababu Mungu aliyewakumbuka wale ndiye unayemwomba. Ila hiyo si hati yenye jina lako.

Mwambie ndugu yako asome na sura ya 28 kabla hajatoa sadaka nyingine. Hanania mwana wa Azuri alisimama hekaluni mbele ya makuhani na kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vilivyochukuliwa Babeli vitarudi. Alifungua kwa maneno yaleyale yanayofungua barua ya Yeremia: BWANA wa majeshi, Mungu wa Israeli, asema hivi. Kiebrania chake kilikuwa safi na ujumbe wake mtamu, akaivunja na nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, ishara ya kumtumikia mfalme wa Babeli, ili watu waone. Hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Mwezi wa saba mwaka uleule Hanania alikuwa amekufa, na Yeremia alikuwa amekwisha kumwambia, "BWANA hakukutuma".