Ndimu, magadi na sarafu yangu ya Carson City

Juzi dada mmoja anayeishi Ohio aliniandikia: "Kaka, nimeletewa sarafu ya dhahabu ya dola 20, ya mwaka 1924. Muuzaji anasema ni adimu, ina miaka mia na ushee. Ninunue?" Nikacheka. Kicheko kikakatika nilipofika mwisho wa ujumbe: "Ina weusi kidogo, nitaing'arisha mwenyewe."

Dada, usiiguse!

Mimi nina ya mwaka 1883, yenye herufi CC chini ya picha ya tai. Maana yake ilipigwa Carson City, Nevada, na mwaka ule kiwanda kile kilitoa sarafu za dola 20 zisizofika 60,000. Niliitafuta kwa miaka miwili. Nilikosa nini na nini katika miaka hiyo, tuyaache. Siku ilipofika nikaiona imefifia kama sufuria ya msibani. Bibi yangu Tanga alikuwa akisugua masinia kwa jivu na ndimu hadi ujione uso. Mimi jivu sikuwa nalo, nikatumia magadi. Iling'aa! Nikaipiga picha, nikawatumia hadi shemeji.

Nikaipeleka kwa wapimaji wa hali ya sarafu. Kipimo chao huanzia 1 hadi 70. Kilitungwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za shaba, si dhahabu. Kuanzia 60 sarafu haijatumika sokoni. Niliota 58. Ikarudi haina namba kabisa, ndani ya plastiki, na neno moja tu la kuieleza: imesafishwa. Chini ya lenzi mikwaruzo yangu ilionekana yote, myembamba kama nywele, imelala upande mmoja. Nilikuwa nimelipa karibu mara mbili ya bei ya dhahabu yake. Muuzaji mmoja akaitazama, akataja bei ya uzito.

Basi, sikilizeni. Umri si uadimu. Hiyo ya 1924, kama haina herufi ya kiwanda, ni ya Philadelphia. Zilipigwa zaidi ya milioni 4, na nyingi zilinusurika kwa kulala katika mabenki ya Ulaya. Idadi iliyopigwa nayo si uadimu. Kiwanda cha Denver mwaka 1927 kilipiga 180,000, lakini zinazojulikana leo hazifiki 20, kwa sababu Rais Roosevelt wa Marekani alipoamuru dhahabu irudishwe mwaka 1933, sarafu ziliyeyushwa kwa wingi. Ulizeni zimebaki ngapi, na zimebaki katika hali gani.

Pimeni uzito: sarafu ya dola 20 ni gramu 33.4, dhahabu yake ikikaribia wakia moja. Ikipungua waziwazi, rudisha. Shikeni ukingoni, si usoni. Na msisafishe. Narudia, msisafishe, hata kwa kitambaa laini, hata kwa mate. Vijana wengi mna pupa ya kung'arisha ili watu waone. Mimi nilikuwa hivyohivyo na nimelipa.

Dada, kama bei anayotaka inakaribia ile ya dhahabu yenyewe, nunua, weusi wake na yote. Akitaja neno adimu tena, muulize ni adimu kuliko ipi.

Yangu bado ninayo. Mke wangu anasema ndiyo nzuri kuliko zote, kwa kuwa inang'aa.