Ukipiga simu kuagiza dawa, shika boksi mkononi

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, anamuuguza baba yake mwenye presha na sukari, anauliza mimi nafanyaje mpaka dawa za mama naziagiza kwa simu tu bila kwenda kupanga foleni kila mwezi. Nikaanza kumjibu mistari miwili nikajikuta nimeandika mengi, bora niyaweke hapa maana mko wengi mnaouguza wazazi huku kazi na watoto vinawasubiri.

Mimi nimejifunza kwa maumivu. Mama anatumia amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku, miaka sasa. Siku hiyo niko kazini, vimebaki vidonge viwili, nikapiga simu huku nashuka ngazi, nikasema naomba zile dawa za presha za mama, vile vidonge vyeupe vidogo. Aliyepokea akauliza, "Ile ya 10?" Nikajibu ndiyo ndiyo. Sina boksi, sina cheti, akili yote iko kwenye kikao. Boksi likaja limefanana na lile la zamani kila kitu, tofauti ni namba tu.

Kama siku kumi baadaye mama akaanza kulalamika viatu vinambana, nikasema moyoni ni umri. Kisha asubuhi moja kaamka akashika ukuta, kizunguzungu. Nikambonyeza kwa kidole juu ya kifundo cha mguu, shimo likabaki palepale. Nikapiga simu ya ushauri, namshukuru Mungu nikampata nesi mtulivu, akaniambia, "Chukua pakiti ya vidonge unisomee kilichoandikwa, taratibu." Nikasoma, nilipofika kwenye 10 sauti ikakatika. Akaniambia nimpime presha hapohapo, 98/60, imeshuka, akauliza kifua kinamuuma, anapumua vizuri, anaongea vizuri, akaenda kuongea na daktari akanipigia tena. Tukarudi kwenye 5, miguu ikanywea taratibu. Mdogo wangu alisema mbele ya watu kwamba nilitaka kumuua mama. Neno lile bado liko kifuani.

Kwa hiyo dada, shika boksi. Usiseme rangi wala umbo, kiwanda kikibadilika na kidonge kinabadilika. Soma jina la dawa herufi kwa herufi, ni miligramu ngapi, anameza mara ngapi kwa siku, halafu mwambie aliyepokea akurudishie alichoandika, na akikuuliza kitu usijibu ndiyo kabla hujaangalia boksi. Agiza vikiwa vimebaki vya wiki nzima, maana daktari anaweza kutaka kumwona mgonjwa au kumpima kwanza kabla hajasaini. Na boksi jipya likifika liweke kando ya lile la zamani mlinganishe, ndiyo maana nasema la zamani usilitupe.

Ukipigia ushauri pia, shika boksi, tena maboksi yote, hata dawa za maumivu alizojinunulia mwenyewe, kwa sababu ibuprofeni inaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Kwa baba yako pima na sukari kabisa kabla hujapiga, maana wanaweza kukuuliza. Na ukigundua kosa kama langu usijiamulie kuacha dawa, kuna za presha kama propranololi ambazo ukizikata ghafla moyo unaweza kupata shida kubwa kuliko ile uliyoanza nayo, uliza kwanza.

Ila ukiona mdomo umepinda, mkono hauinuki, ulimi umekuwa mzito, achana na simu ya ushauri, piga ya dharura au mkimbize hospitali. Kumbuka saa ya mwisho alipokuwa mzima maana wataiuliza, sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye kiharusi kwa kawaida huchomwa ndani ya saa 4 na nusu.

Na jamani, tusiwafanye wazazi kazi ya kumalizia kati ya kikao na kikao. Hawa walituhesabia vijiko vya dawa usiku kucha tukiwa na homa. Tafuta dakika kumi, kaa chini, piga simu ukiwa umetulia.

Jumatatu nimeagiza tena. Mama alikaa pembeni yangu na miwani yake, mimi nasoma kwa sauti, yeye anafuatisha kwa kidole kwenye boksi, tulipofika kwenye 5 akaitikia, "Hapo sawa."