Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka soko la Kibuye, Kisumu. Mwanangu wa kidato cha tatu alianza na 2, akaizidisha kwa yenyewe, na kila jibu akalizidisha tena kwa lenyewe: 4, 16, 256, 65,536. Kila moja akaijumlisha na 1, akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa. Sasa anashikilia kwamba inayofuata, 4,294,967,297, ni tasa pia. Nimeigawa kwa kila namba tasa hadi 97 kwa kikokotoo changu cha dukani, na kila mara panakuwa na baki. Amenishinda?
Mama Muuza Nafaka

JIBU: Hajakushinda, mama. Umesimama mapema tu. 97 ni tasa ya 25, na kigawo unachokitafuta ni tasa ya 116, yaani 641. Chukueni kalamu mgawe: 4,294 kwa 641 ni 6, baki 448. Shusha 9, mpate 4,489: hapo ni 7, baki 2. Endeleeni hivyo hivyo hadi mwisho. Jibu ni 6,700,417 kamili, hakuna baki.

Kijana asione haya. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alisadiki jambo hilohilo, naye alikuwa bingwa. Mwaka 1732 ndipo mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alipoonyesha kwamba 641 inaigawa.

Njia yenyewe naipenda mno. Chukua namba tasa yoyote inayoigawa namba yenu. Anza na 1, zidisha kwa 2 tena na tena, kila mara ukibakisha tu baki la kugawa kwa tasa hiyo. Utarudi kwenye 1 baada ya hatua 64, si kabla. Na urefu wa mzunguko kama huo lazima uigawe ile tasa ikitolewa 1. Kwa hiyo kigawo tasa chochote, ukikigawa kwa 64, lazima kibakishe 1. Orodhesha namba za namna hiyo: 65, 129, 193, 257 na kuendelea. Futa zisizo tasa. Hadi 641 zinabaki tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641. Majaribio matano, mama! Bila hoja hiyo, kuna namba tasa 6,542 chini ya 65,536, ambayo ni takriban kipeuo cha pili cha namba yenu, ambazo mngelazimika kuzifikiria. Na kanuni ya mzunguko huo ilitoka kwa Fermat mwenyewe, mwaka uleule wa 1640. Ufunguo alikuwa nao mkononi.

Baada ya 65,537, hadi leo hakuna tasa nyingine iliyopatikana katika mfuatano wa mwanao. Inayofuata ina tarakimu 20, na mwaka 1880 Fortuné Landry aliigawa kwa 274,177.

Kazi ya kijana wiki hii: athibitishe kwamba 6,700,417 ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na sharti la 64 linaihusu pia, kwa hiyo kikokotoo chako kinatosha.