Ukiitwa Usiku Usiitike Upesi: Majibu kwa Wapenzi wa Hadithi za Kutisha

Mwezi uliopita niliandika kwamba hadithi zetu za kutisha za siku hizi zina damu tele na hofu haba. Wengi mmeniandikia, baadhi kwa hasira. Nimechagua maswali machache, na yanayofanana nimeyafanya moja.

Shikamoo mjomba. Katika vitabu vyote vya kutisha ulivyosoma, kipi unakitanguliza? (Msomaji, Muheza)

Marahaba. Watu hungoja nitaje cha Mzungu, lakini cha kwanza kwangu ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, hapa hapa Tanga. Kilitoka mwaka 1952. Najua ulikisoma shuleni, ukaambiwa ni kitabu cha maadili, ukakariri sifa za Adili ili ujibu mtihani. Kirudie sasa, usiku, ukiwa peke yako. Mjumbe wa mfalme amekuja kukusanya kodi, amekirimiwa, amelazwa pazuri. Usiku wa manane anamwona mwenyeji wake, mtu mpole anayesifiwa na mji mzima, akiwachapa manyani wawili kwa mjeledi. Akimaliza kuwachapa anawalisha. Na manyani wale ni ndugu zake wa tumbo moja.

Mwandishi hahitaji maiti hapo. Anayechapa hapendi kuchapa, ameamriwa na jini, na kesho usiku atachapa tena. Kila nikianza kuandika sura ya kutisha namtafuta kwanza mtu wa namna hiyo, anayelazimika kufanya asilolitaka. Nisipompata, sura ile naiacha.

Nitajie filamu kumi kali za kutisha. (Wasomaji wengi)

Sitaji kumi. Naombwa orodha hii kila wiki, na wanaoipata hawatazami hata moja. Chukua moja tu: The Haunting ya mwaka 1963, iliyoongozwa na Robert Wise. Haina rangi na haina zimwi. Ina mlango wa mbao unaobonyea kuelekea ndani, kana kwamba nyuma yake pana kifua kinachopumua. Itazame mpaka mwisho, simu umeizima, kisha niandikie.

Unasema damu si hofu. Mbona kwenye filamu mtu akikatwa kichwa banda zima linapiga kelele? (Msomaji, Makorora, Tanga)

Linapiga kelele kwa kushtuka na kwa kinyaa. Kushtuka hata paka akianguka darini utashtuka. Kinyaa hata buchani utakipata. Hofu ni ile inayokufuata nyumbani, ukawa unaogopa kwenda msalani.

Iko hadithi fupi ya Mwingereza W. W. Jacobs, The Monkey's Paw, ya mwaka 1902. Wazee wawili wamepata mkono mkavu wa nyani unaotimiza maombi matatu. La kwanza wanaomba fedha, na fedha zinakuja: ni fidia ya mtoto wao wa pekee aliyesagwa na mashine kazini. La pili, mama analazimisha waombe mtoto arudi. Amekwisha kuzikwa siku kadhaa. Usiku mlango unabishwa. Mama anahangaika na komeo, baba anatambaa sakafuni akiutafuta ule mkono kwa ombi la tatu. Mlango unapofunguliwa, nje hakuna mtu, ni barabara tupu. Jacobs hakumwonyesha yule mtoto hata unywele. Kila msomaji amemchora mwenyewe, na hakuna msanii wa vipodozi atakayeweza kumchora hivyo.

Sisi watu wa pwani tungepaswa kulijua hili kuliko wote. Nani hakuonywa na bibi yake kwamba ukiitwa usiku mara moja usiitike, ngoja uitwe tena? Bibi hakusema anayeita ni nani wala ana meno mangapi. Alitaja sauti tu, akaendelea kukoleza moto.

Hata Jaws ya Steven Spielberg, ya mwaka 1975, ilipona kwa njia hiyo. Papa wa mashine aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu ile aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, mwongozaji akalazimika kumficha. Badala ya papa tukapewa muziki na maji yaliyotulia. Mashine ile ingefanya kazi vizuri, leo tusingekuwa tunaizungumza.

Mwalimu, ni kweli mapango ya Amboni yanatokea Mombasa? (Wasomaji watano mwezi huu peke yake)

Nimelijibu mara nyingi na sitalijibu tena. Mapango yako kilomita chache tu kaskazini ya mji, yanapokea wageni kila siku. Nenda. Vaa viatu visivyoteleza, ingia na mwenyeji, na ukikuta mahali watu wameweka nadhiri zao usishike kitu. Halafu mwombe mwenyeji azime tochi kwa dakika moja, usikilize popo juu yako. Ukitoka hutakuwa na haja ya Mombasa.

Nataka kuanza na Dracula. Filamu ni nyingi, nitazame ipi? (Msomaji, Korogwe)

Anza na kitabu chenyewe, cha Bram Stoker wa Ireland, cha mwaka 1897. Kimeandikwa kwa barua na shajara, kwa hiyo kila anayeandika anajua nusu tu ya jambo. Baada ya hapo tazama Nosferatu, filamu bubu ya Ujerumani ya mwaka 1922, ya F. W. Murnau. Waliichukua hadithi bila ruhusa wakabadilisha majina, mjane wa Stoker akawashtaki, na mahakama ikaamuru nakala ziangamizwe. Baadhi zilikuwa zimekwisha kusambaa, ndiyo maana ipo hadi leo.

Usipoangalia utasoma juu ya meno na popo, likupite jambo lenyewe. Dracula anakuja London kwa hati. Ananunua nyumba, ana wakili, karatasi zake zote ni safi. Sisi tulikuwa na mumiani wetu, naye hakuwa na meno. Jina lilikuja na dawa nyeusi ya kutoka Uajemi na Arabuni, baadaye watu wakaamini inatengenezwa kwa damu ya binadamu, na enzi ya ukoloni wakawa wanayakimbia hata magari ya zimamoto, wakidhani yanakuja kuwakamata ili wanyonywe damu. Mnyonya damu wa Stoker na mumiani wa pwani wanafanana hapo: wote wawili hawaogopi serikali. Ukiandika hadithi ya mumiani, anzia kwenye gari na sare. Mabawa tuwaachie wenyewe.

Zombi na msukule ni kitu kimoja? (Msomaji, Pangani)

Swali hili nimelingojea miaka.

Zombi wa filamu za leo, yule anayekula watu, ni mtoto wa juzi. Alizaliwa mwaka 1968, George Romero alipotengeneza Night of the Living Dead, na hata humo neno zombi halitamkwi. Zombi wa asili ni wa Haiti, na huyo hali mtu. Huyo ni maiti aliyeamshwa ili afanye kazi. Wahaiti ni wajukuu wa Waafrika waliosafirishwa kwenda kulima miwa ya Wafaransa, wakalimishwa mpaka kufa. Hofu yao kubwa ilikuwa kwamba hata kaburi lisingewatoa shambani. Tazama White Zombie ya mwaka 1932. Ina kiwanda cha sukari kinachozungushwa na wafu. Mmoja anaanguka ndani ya kinu, na wenzake hawageuki, wanaendelea kuzungusha.

Sasa niambie, msukule wetu anafanya nini? Analima usiku. Anamlimia aliyemchukua, haongei, halipwi, na ndugu zake wamekwisha kumlilia na kumsahau. Ni yule yule.

Nawe unaniandikia kutoka Pangani! Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Miche kama elfu moja ilisafirishwa, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe, huko huko kwenu. Kutokana na miche hiyo 62 yakaenea mashamba, na mashamba yakataka watu. Waliletwa kutoka mbali kwa mikataba, kila mmoja akapewa namba, na jina walilobaki nalo ni manamba. Mtu ametoka kwao ana jina, ana baba, ana ukoo. Amefika shambani amekuwa tarakimu. Wako ambao hawakurudi, na kwao wakahesabiwa wafu.

Mashamba yale bado yapo, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka, na jioni upepo ukipita kwenye majani makali unasikia mlio. Kila kijana wa mkoa huu anayeniletea hadithi ya mazombi wa New York huwa namwuliza kama amewahi kusimama katikati ya mkonge saa kumi na mbili jioni. Andika hiyo. Usipoiandika wewe, nitaiandika mimi.

Kusoma hadithi za majini ni dhambi? (Msomaji, Lushoto)

Mwulize shehe wako au padri wako. Mimi ni mwandishi.

Mwanangu wa miaka sita hutazama nasi filamu za kutisha usiku, hataki kulala. Nimwache azoee? (Mama, Ngamiani)

Hapana, dada yangu. Mlaze kwanza, kisha mtazame. Na jambo moja ambalo hukuliuliza: nyumba nyingi mtoto akilia kwa hofu wakubwa hucheka. Zimwi la kwenye runinga atalisahau. Kicheko cha mama yake wakati anaogopa hatakisahau.

Filamu za Bongo za kutisha unazionaje? (Msomaji, Tanga mjini)

Mussa Banzi alipotoa Nsyuka na Shumileta miaka ile ya 2000 alifanya kazi kubwa: alizitafuta hofu za nyumbani, na watu wakazitambua. Wengi waliomfuata wamechukua yale makucha na macho ya rangi, wakaacha nyumba. Na muziki, jamani. Kinanda kinapiga kabla mlango haujafunguliwa, kwa hiyo mtazamaji amekwisha kuambiwa aogope kabla ya kuona. Acheni kimya kifanye kazi.

Mjomba, nimeandika riwaya juu ya bibi jirani yetu mwenye macho mekundu anayeroga mtaa mzima. Ni kisa cha kweli. Utanisomea? (Kijana, Handeni)

Mwanangu, sitaisoma mpaka umtoe bibi huyo.

Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walivyopikia maisha yao yote. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu mtu alisimulia na mtu akaamini. Mwaka 1995 Unguja na Pemba zilipoingiwa na hofu ya popobawa, zimwi linalosemekana kuvamia watu wakiwa wamelala ndani, watu walilala nje kwa makundi, na mgonjwa mmoja wa akili aliuawa na kundi lililodhani ndiye. Simulizi zilikuwa zinatembea mtaani, na mwisho zikamwangukia asiyeweza kujitetea.

Wewe umemtaja bibi aliye hai, umeitaja nyumba yake, umeyataja macho yake, na juu yake umeandika ni kisa cha kweli. Mtaa wako ukisoma utajua ni nani. Buni kisa chako upya. Mfanye bibi ndiye mwenye kuogopa: yuko ndani, usiku, na anasikia hatua za vijana wa mtaa zikija mlangoni kwake. Hapo kitisho kipo, na ni cha kweli kuliko ulichoandika. Ukimaliza kuiandika hivyo niletee, nitaisoma yote, na nitakusaidia kuisahihisha bila malipo.

Na wewe mwenyewe, kuna kitu kimewahi kukutisha kweli? (Msomaji, Bagamoyo)

Kipo. Ile filamu ya The Haunting ilitokana na riwaya ya Shirley Jackson, The Haunting of Hill House, ya mwaka 1959. Ndani yake mwanamke amelala chumba kimoja na mwenzake katika nyumba ile mbaya. Usiku anasikia sauti ya mtoto akilia nyuma ya ukuta. Kwa hofu anaushika mkono wa mwenzake gizani, anaubana mpaka vidole vinauma. Taa inapowaka, mwenzake yuko kitandani kwake, upande wa pili wa chumba.

Nilikisoma Chumbageni, umeme umekatika, kwa mwanga wa kandili. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikaiingiza mikono yangu yote miwili ndani ya shuka, na sikuitoa mpaka niliposikia adhana ya alfajiri.