Ayala kudondosha pembe

Hapana kaka, dume huyo wa ayala (mnyama anayefanana na swala) uliyemwona shambani hana pembe na ana kidonda kichwani, hajaugua na mwenye shamba hajazembea. Ayala wenye madoa wanaofugwa Ulaya huangusha pembe kila mwaka, kwa kawaida Aprili au Mei, na mpya huanza kuota papo hapo. Kile kidonda chekundu unachokiona kichwani ndipo zilipochomoka, kitakauka chenyewe. Nadhani unamlinganisha na swala pala wetu wa hifadhi ya Saanane kule Mwanza, ambaye pembe yake ni gamba gumu lililovika mfupa. Haidondoki, na ikivunjika ndiyo basi.

Pembe ya ayala yote ni mfupa. Ikiwa inaota hufunikwa na ngozi yenye manyoya laini, imejaa damu, ukiishika ina uvuguvugu. Kufika Agosti au Septemba anaisugua kwenye miti, ngozi inaning'inia vipande vipande vyenye damu (hapo wageni wa shamba ndipo wanapopiga mayowe), na Oktoba anapigania majike nayo.

Nilisomea mifugo pale chuo cha Mabuki, hili tulifundishwa. Ila pembe ikivunjika ingali changa inauma na kutoka damu nyingi, hapo daktari wa mifugo aitwe.